UZI: Zile kapsuli za rangi mbili za shilingi 50. Tuongee

MhudumuWaKaunta (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za baridi. Mimi nauza dawa. Si daktari, na mtu asiniite daktari humu. Nina diploma ya famasia na miaka 11 nyuma ya kaunta, karibu yote hapa Eastlands, Nairobi, nyuma ya wavu wa chuma kama ilivyo kwa wengi wetu. Ni Julai, jua hatujaliona tangu Jumatatu, kila mtu anakohoa. Leo nilijaribu kitu. Kuanzia nilipofungua saa 1 asubuhi hadi saa 6 nilikuwa napiga mstari kwenye daftari kila anayekuja kuomba amoksilini, ile antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Watu 14. Mwenye karatasi ya daktari alikuwa mmoja.

Wala hawaombi kwa jina. "Nipe zile za rangi mbili." "Nipe za hamsini." "Nipe kama zile ulimpa bibi yangu." Saa 4 akaja kijana mmoja, konda wa matatu, ameshika shavu, gari linapiga honi nyuma yake. Akasukuma noti ya hamsini chini ya wavu: "Bosi, tano tu za jino, jioni nitaongeza."

Jioni ya kuongeza huwa haiji.

Watu wengi wameshafundishwa kuogopa dawa feki na dawa iliyopitwa na tarehe, na ni sawa waogope. Ila ninachokiona mimi kila siku ni dawa halisi, nzuri kabisa, iliyouzwa nusu. Tumezoea kadogo. Mafuta ya kupikia ya ishirini, sukari ya ishirini, kipande cha sabuni. Kwa sabuni haina neno, nusu kipande kitaosha nusu ya nguo. Kapsuli 5 za amoksilini hazitibu theluthi moja ya ugonjwa.

Nieleze kwa nini. Amoksilini ni ya ukoo wa penisilini. Bakteria anapokua anajijengea ukuta kuuzunguka mwili wake, na dawa hii inamzuia kuukamilisha, mpaka anapasuka. Sasa shida ni kwamba mwili haukai nayo. Figo zinaitoa haraka sana, nusu ya iliyo kwenye damu inakuwa imeondoka kwa muda wa saa moja hivi. Unaikojoa. Ndiyo maana mtu mzima huandikiwa kila baada ya saa 8, mara nyingi miligramu 500, na siku za kumeza zinategemea ugonjwa. Kuna mteja wangu fundi wa nyumba, alikuwa anameza 3 kwa mpigo asubuhi akienda saiti "ili nisisahau". Hizo tatu kufika mchana zimeshuka, na bakteria wanaendelea na ujenzi kama yeye.

Halafu ile bahasha ya khaki. Tunaandika juu yake kwa biro: 1x3, yaani moja mara tatu kwa siku. Tunadhani tumeeleza. Siku moja nilimuuliza mzee mmoja anisomee, akasoma bila wasiwasi: "Moja, saa tatu." Alikuwa anameza moja kwa siku, saa 3 asubuhi, baada ya chai. Alikuwa amerudi kuniambia dawa yangu haina nguvu. Tangu siku hiyo 1x3 siandiki tena. Naandika saa zenyewe: 12 asubuhi, 8 mchana, 4 usiku. Ukisahau moja, imeze ukikumbuka, isipokuwa kama ile inayofuata iko karibu. Hapo ruka, usimeze mbili kulipa deni. Ukiwa umekula au hujala, amoksilini haijali. Inayotaka tumbo tupu ni Ampiclox, antibiotiki nyingine ya ukoo huu, na hiyo tunamwacha mtu aimeze na chapati bila kumwambia lolote.

Kwa homa, yaani mafua haya ya Julai, siuzi. Homa ni virusi, na virusi hawana ukuta wa kuvunjwa. Kamasi ya kijani si ushahidi wa bakteria, hata ya virusi hugeuka kijani ikikaa. Nampa mtu Panadol, namwambia anywe vitu vya moto, alale. Anaondoka amenuna, anaenda duka la pili, anauziwa.

Na msinione mtakatifu. Mimi mwenyewe nimekuwa duka la pili. Mwaka wangu wa kwanza, duka ambalo sitalitaja, mwenye duka anapiga hesabu ya mauzo kila jioni na ukiwa chini unaulizwa. Mama mmoja akaja, mtoto wa miaka 4 anakohoa, akanunua kapsuli 6 ili afungue unga augawe kwenye uji kwa kukadiria. Nilijua ni makosa. Nilihesabu sita, nikafunga bahasha, nikarudisha chenji.

Haya, nimeanza mimi. Semeni yenu.


MamaPachaUmoja

Umenigusa na uji. Mimi yangu ni ya siropu. Pacha wangu mmoja aliandikiwa mwaka jana, nikapewa chupa ina unga ndani, msichana wa dukani akasema "ongeza maji". Nikaongeza ya thamosi, ya moto kabisa, nikijua moto unaua wadudu. Nikapima na kijiko cha chai. Baada ya kama wiki 3 pacha wa pili akaanza kukohoa, siropu imebaki, nikampa hiyo hiyo. Sasa niambie nilikosea wapi na wapi.


MhudumuWaKaunta

Mama Pacha, asante kwa kusema wazi. Wengi wamefanya hivyo na wamenyamaza.

Maji ya kuchanganyia ni yaliyochemshwa NA kupoa kabisa. Ya moto yanaharibu dawa. Kwanza gonga chupa unga uachane na kitako. Weka maji kama nusu ya kiasi, funga, tikisa mpaka kusiwe na madonge. Hapo povu litapanda na litakudanganya, subiri litulie, ndipo uongeze mpaka kwenye mstari. Usiuzidishe mstari kwa kutaka idumu, utakuwa umeifanya hafifu. Kama huamini mkono wako, mwambie aliyekuuzia akuchanganyie hapo hapo. Ni kazi yake. Na mimi huwa nachanganya mbele ya mzazi hata foleni ikiwa ndefu.

Ikishachanganywa saa yake imeanza kwenda. Nyingi ni siku 7, soma lebo, na friji ukiwa nayo ni bora. Hizo wiki 3 ulikuwa unampa mtoto maji matamu ya rangi ya waridi. Tikisa kila mara kabla ya kumpa, maana dawa hulala chini. Usipotikisa siku za kwanza anapata kidogo, za mwisho anapata kingi.

Kijiko cha chai ndicho adui. Dawa inahesabiwa kwa mililita 5, na vijiko vya jikoni havilingani, kimoja kinabeba 3, kingine 7. Nunua sirinji isiyo na sindano, ni bei ya maandazi mawili. Ingiza pembeni ya shavu, sukuma polepole, si kooni.

Na angalia nguvu. Kuna siropu ya miligramu 125 kwa kila mililita 5 na kuna ya 250. Chupa zinafanana kama hao pacha wako. Ukiambiwa "ml 5" na jirani yako akaambiwa "ml 5", si lazima mnapewa kitu kimoja.


NesiWaZamu

Mhudumu, nakubaliana nawe kwa mengi lakini hapo kwa "homa siuzi" nataka nikukwaruze kidogo. Mama akija na mtoto anayekohoa, kabla hujampa Panadol umrudishe nyumbani, umehesabu pumzi?

Niko wodi ya watoto. Wale tunaowapokea usiku wakiwa wamebadilika rangi, wengi wameshapitia dukani mara mbili au tatu. Basi niwaachie hili. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Inua fulana, tazama tumbo likipanda na kushuka, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, si nusu dakika mara mbili. Wa miezi 2 mpaka 11, ikifika 50 au zaidi ni haraka mno, huenda ni nimonia. Wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40. Ukiona pia kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta, usisubiri kesho. Na akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au amelegea hazinduki, hiyo si ya dukani kabisa, ni hospitali sasa hivi. Aliye chini ya miezi 2 akiugua chochote, ni hospitali.

Nimonia ya mtoto ndiyo mahali amoksilini inaokoa maisha kweli kweli. Siku hizi tunatumia tembe zinazoyeyuka za miligramu 250, unaiweka kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama, inajisambaratisha yenyewe. Dozi ni kwa kilo. Mtoto wa kilo 12, kwa mfano, hupata 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5. Linganisha na ile kapsuli ya kugawa kwenye uji, Mhudumu, uone yule wa miaka 4 alikuwa anapata nini.


MhudumuWaKaunta

Nimekwaruzika na nimekubali. Kesho nabandika hizo namba 50 na 40 upande wa ndani wa kaunta, nizione mimi.


GikombaOriginal

Nyinyi wawili mnaongea vizuri sana, mnaongea kama watu wenye mshahara. Mimi nauza mitumba. Siku ya mvua sijauza, nina mia tatu mfukoni, koo linauma siwezi kumeza mate. Kliniki ya mtaani kumwona daktari peke yake ni mia tano au elfu, bado kipimo, bado dawa. Hospitali ya serikali nitapanga foleni kutoka saa 12 asubuhi, saa 9 ndio naonwa, naambiwa dawa nikanunue nje. Nimepoteza siku, nimerudi kwa Mhudumu na karatasi ile ile. Si afadhali nianzie kwako?


NesiWaZamu

Dispensari na vituo vya afya, hizo za ngazi ya 2 na 3, ukishajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, huduma za msingi si za kulipa.


GikombaOriginal

Kwa karatasi, ndiyo. Kwa karatasi hata mimi ni tajiri.


MhudumuWaKaunta

Gikomba, sikubishii. Mtu haji kwangu kwa ujinga, anakuja kwa sababu mlango wangu uko wazi saa 3 usiku na sitozi kumsikiliza. Hilo haliondolewi kwa kumkaripia.

Ila tupige hesabu ya biashara, wewe unaijua kunishinda. Koo la kuuma, mara nyingi, ni virusi, linaisha lenyewe kwa siku chache. Gargari ya maji ya chumvi na Panadol vinatosha. Hapo hiyo hamsini ya rangi mbili umeitupa. Mara chache ni bakteria, yule anayeitwa streptokoka. Dalili zake: homa kali ya mwili, tezi za shingo zimevimba mbele, madoa meupe kooni, na hakuna kikohozi wala makamasi. Hapo dawa inahitajika na inahitajika siku 10, hasa kwa mtoto, kwa sababu streptokoka akiachwa anaweza kuleta homa ya baridi yabisi ambayo inaharibu vali za moyo miaka baadaye. Hapo hiyo hamsini umeitupa pia, maana 5 si siku 10. Mara zote mbili umepoteza. Ukija, uliza kwanza, kuuliza kwangu ni bure. Nikikuambia ni la kwenda kuonwa, hapo ndipo uvunje siku.

Na jambo moja nikiri kwa niaba ya wenye maduka. Sheria inasema antibiotiki ni za karatasi ya daktari. Kila mmoja wetu anaijua na leseni iko ukutani. Tunauza kwa sababu jirani anauza.


MsomajiSugu

Swali la ubishi. Kila siku mnatuimbia "maliza dozi, maliza dozi". Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha makala ya wataalamu wakisema wimbo huo hauna ushahidi wa kutosha, na kwamba kumeza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika ndiko kunakoongeza usugu, yaani bakteria kuizoea dawa. Sasa kama nimepona siku ya tatu, kwa nini nisiache?


MhudumuWaKaunta

Umesoma vizuri na hujakosea. Bakteria hawako kwenye kidonda tu, wako utumboni, kooni, kwenye ngozi, na kila siku unayomeza wote wanaiona dawa. Ndiyo maana dozi nyingi zimefupishwa siku hizi. Hiyo ya nimonia ya mtoto ni 5, zamani ilikuwa ndefu zaidi.

Lakini tofautisha dozi fupi na dozi iliyokatwa. Fupi imepimwa kwa wagonjwa wengi, ikaonekana inatosha kwa ugonjwa huo. Iliyokatwa ni wewe umeamka unajisikia vizuri na kuna sherehe jioni. Homa kushuka siku ya tatu ni mwili umepata nafuu, haimaanishi kazi imeisha. Ukitaka kuacha mapema, pigia aliyekuandikia, muulize. Mara nyingine atasema ndiyo. Na kinachobaki usikiweke kwenye droo karibu na chaja. Hicho cha kwenye droo ndicho kinaanzisha dozi ya nusu inayofuata, ya jirani.

Na kwa kuwa unapenda historia: Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alipopewa Nobel mwaka 1945 alisimama akatoa tahadhari hii hii. Alisimulia mfano wa mtu mwenye koo linalouma, akajinunulia penisilini, akatumia kidogo. Haikuwaua bakteria, iliwafundisha kuivumilia. Akamwambukiza mkewe, mkewe akapata nimonia, akatibiwa penisilini, haikufanya kazi. Mtu amesimama Stockholm mwaka 1945 anamzungumzia mteja wangu wa leo asubuhi.


MsomajiSugu

Naomba na hili la Augmentin. Ofisini kwetu amoksilini wanaiona ya maskini, wanaomba Augmentin "kwa sababu ni kali".


MhudumuWaKaunta

Augmentin ni amoksilini ile ile iliyoongezewa mlinzi. Baadhi ya bakteria wametengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafika, kama mkasi. Yule mlinzi, asidi ya klavulaniki, anaushika mkasi. Kama bakteria wako hana mkasi, umelipa zaidi na utaharisha zaidi, maana huyo mlinzi anajulikana kwa tumbo. Kama una virusi, hata hakuna wa kukatana naye.


DadaKayole

Mimi ya kwangu ni fupi. Nikiwa mtoto nilichomwa penisilini nikavimba, mama akaniambia nisiwahi kuchomwa tena. Nikakua najua hivyo: nisichomwe. Miaka 3 iliyopita nikapata jipu, nikaenda dukani (si kwako), nikapewa Ampiclox. Sikusema kitu kwa sababu si sindano na haiitwi penisilini. Dakika 20, mwasho viganjani na nyayoni. Halafu midomo. Halafu nikasikia pumzi inapiga filimbi. Jirani ana bodaboda, ndiye aliyeniokoa, alipita upande usio wake wa barabara mpaka hospitali. Walinidunga sindano pajani, nikarudi.


MhudumuWaKaunta

Wote mrudie kusoma hapo juu.

Ampiclox ni ampisilini na kloksasilini. Amoksilini, Augmentin, ampisilini, kloksasilini, hiyo sindano ya penisilini, wote ni ukoo mmoja. Soma pakiti, jina likiishia na "cillin", huyo ni ndugu yao. Sijali kama ni sindano, kapsuli au siropu. Duka lisipokuuliza "kuna dawa inakukataa?", sema mwenyewe. Uvimbe wa midomo au uso, pumzi kubana, kizunguzungu muda mfupi baada ya kumeza: ni hospitali mbio, wala si kuja kwangu kuuliza.

Upande wa pili, kuna wanaojiita wana aleji na hawana. Kuharisha au kichefuchefu ni karaha ya kawaida ya dawa, si mzio. Na watoto wengine hutoka vipele siku kadhaa baadaye, mara nyingi ni virusi wenyewe walioleta. Usiamue peke yako, mwonyeshe daktari, kwa sababu ukibandikwa jina la mzio bure utakuwa unapewa dawa ghali zaidi maisha yako yote.

Niunganishe hapa maswali ya inbox. Pombe: haigombani na amoksilini moja kwa moja, ila ukiwa umepewa na Flagyl pamoja, kama wanavyofanya kwa meno, kaa mbali na chupa. Vidonge vya uzazi: amoksilini haivizimi, ila ukitapika au kuharisha sana ukiwa nayo, tumia kinga nyingine. Mjamzito na anayenyonyesha: kwa kawaida ni salama, sema tu hali yako. Mwenye ugonjwa wa figo, anayemeza wafarini ya kuzuia damu kuganda, methotreksati au alopurinoli ya gauti: usinunue chochote kabla ya kusema.


BabaTaifodi

Si mimi ninayejiita hivi, ni familia. Kila baada ya miezi miwili napimwa naambiwa "typhoid kidogo na amoeba". Napewa dawa. Amoksilini nimemeza mpaka naona rangi mbili nikifumba macho. Nitapona lini?


NesiWaZamu

Pole. "Typhoid kidogo" ni ugonjwa wa Nairobi pekee. Kile kipimo cha haraka, Widal, kinatafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kubaki muda mrefu baada ya kupona au kuletwa na kitu kingine. Kipimo kinachosadikika ni kuotesha damu maabara, kuona kama bakteria watakua, na damu ichukuliwe KABLA ya kumeza antibiotiki. Taifodi ipo, na ni mbaya, lakini bakteria wake wengi hapa kwetu hawasikii tena ampisilini, Septrin wala kloramfeniko, kwa hiyo amoksilini ya kukadiria haitakusaidia. Kaonwe na mtu atakayetafuta chanzo cha hilo tumbo. Na kama una watoto, chanjo ya taifodi ilianza kutolewa nchini Julai 2025, kwa wa miezi 9 mpaka chini ya miaka 15. Ulizia kliniki.


KukuWaRuai

Mnawalaumu wanadamu, na kuku je? Mimi nafuga. Kuku akipiga chafya naenda agroveti, natoka na pakiti ya oksitetrasaiklini, nayo ni antibiotiki, hakuna anayeniuliza karatasi. Tunaweka kwenye maji ya kundi zima, wazima na wagonjwa. Pakiti inasema usiuze mayai siku fulani baada ya dawa. Niwaambie ukweli, kreti hazijawahi kusubiri.


GikombaOriginal

Asante, leo nimekula mayai mawili.


MhudumuWaKaunta

Siku 4 baadaye, nawaletea habari ya konda.

Siku ile nilimuuzia dawa ya maumivu tu, nikamwambia jino lenye usaha halitibiwi na kapsuli peke yake, lazima lifunguliwe au ling'olewe, dawa haiingii vizuri kwenye usaha uliojifungia. Akanitusi kidogo, matusi ya konda, akaondoka. Nilijua ameenda duka la pili.

Jana akarudi, shavu limeshuka. Kumbe alinunua tano hizo kwingine, akameza siku mbili, uvimbe ukapanda mpaka jicho likafunga. Dereva ndiye aliyempeleka kliniki ya meno ya hospitali ya umma, likang'olewa. Analo mfukoni, amelifunga kwenye karatasi ya tiketi, akanionyesha bila kuombwa. Na ana karatasi ya daktari wa meno: amoksilini 500, kila saa 8, siku 5.

Nikahesabu 15. Nikaandika kwenye bahasha 12, 8, 4. Akaisoma kwa sauti, akatulia.

"Saa nane niko Railways, gari limejaa, mikono yote miwili nashika pesa. Hapo sitakumbuka."

Nikamwambia aweke kengele kwenye simu. Akaniachia simu niweke mimi, akageuka kuita abiria, "Umoja, Umoja, themanini!", mdomo bado una pamba upande mmoja. Nikaweka kengele tatu. Ya saa nane nilipoijaribu ililia wimbo mkubwa mpaka abiria wakacheka dirishani.